Mke wa Viti Viwili

Sehemu ya tisa

Kwa wote waliogombana nyumbani tangu Alhamisi kuhusu nani alikuwa akifungua ule mlango wa ofisi, jibu ni hili: hakuwa Olga.

Asingeweza kuwa Olga. Olga ana magurudumu manne.

Hata hivyo mwanamke yule aliingia, akajifuta vumbi la Lilongwe miguuni, akamtazama ofisa machoni na kusema, "Njo mi Olga, Madame. Bibi ya huyu papa. Munisamehe kuchelewa, ile baiskeli ya kabaza ilipasuka mupira kule Area 25."

Narcisse alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili akiri kila kitu. Alikifunga. Mwanamke yule alimjua vizuri. Alikuwa Mama Annonciata, fundi cherehani wa kambi ya Dzaleka, mzaliwa wa Uvira, ambaye juzi tu alikuwa amejikunja chini ya turubai akishona kiti cha kushoto cha huyo huyo Olga.

Nyuma ya meza alikaa ofisa wa wakimbizi, Bi. Tamanda, na mbele yake faili lililonenepa hadi likafungwa kwa kamba. Bi. Tamanda ni Mmalawi wa Karonga, lakini utoto wake ulipita kwa shangazi yake kule Kyela, kwa hiyo Kiswahili chake hakihitaji mkalimani. Jambo hilo limewaponza wakimbizi wengi walionong'onezana mbele yake.

Alimkagua Annonciata kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, kisha akasema amefurahi sana kumwona kwa miguu yake, maana kwa mujibu wa faili, tangu mwezi Mei hawezi hata kuinuka.

"Leo nimejikaza," alisema Annonciata.

Mliojiunga nasi leo, vuteni kiti nisimulie haraka, maana wenzenu wameshaanza kuguna.

Narcisse alikuwa mwalimu wa jiografia Bukavu. Baba yake alikuwa dereva wa Mbelgiji mwenye shamba la kinini, na Mbelgiji huyo alipofungasha virago mwaka 1967 alimwachia dereva wake gari lake la michezo. Gari la Kitaliano, jekundu, la viti viwili, paa lake la turubai linakunjwa nyuma. Kiwanda sikitaji, kwani hakinilipi kukitangaza. Baba akalitunza, akafa, akamwachia mwanawe, na mwanawe akalipenda kupita kipimo. Akina dada wawili wa Bukavu waliokuwa tayari kuolewa naye waliondoka kwa sababu moja: kila Jumamosi alikuwa na miadi na Olga.

Agosti 1998 vita ya pili ilipofika, watu walikimbia na magodoro, masufuria na wazazi wao mgongoni. Narcisse alikimbia na Olga. Alimshusha hadi Uvira, akampakia kwenye boti la mizigo hadi Mpulungu, na kutoka hapo akamleta Malawi juu ya lori la dagaa, akiwa amefunikwa magunia. Harufu ya dagaa ilikaa mwaka mzima kwenye viti. Watu wenye akili timamu walimuuliza kwa nini hakumuuza Uvira. Alijibu kwamba swali hilo hakulielewa.

Dzaleka alitenda dhambi mbili, na ndizo zilizomfikisha kwenye meza ya Bi. Tamanda.

Dhambi ya kwanza: siku ya kuandikishwa, waliomtangulia kwenye foleni walimweleza kwamba mtu mmoja hupewa mafuta ya kupikia ya mtu mmoja. Narcisse akawaza ngozi ya viti, ambayo isipopakwa mafuta hupasuka. Karani alipomuuliza yuko na nani, alijibu yuko na mkewe, Olga, anaumwa, amelala. Amezaliwa lini? Mwaka 1966. Wapi?

"Milano," alisema Narcisse, kwa kuwa hakuwa amezoea kusema uongo na ukweli ulimponyoka.

Karani aliinua kichwa akauliza Milano ni wapi.

"Karibu na Kabare, nje ya Bukavu," alisema mwalimu wa jiografia.

Hivyo Olga akapata mahali kwenye kadi ya mgao, na kila mwezi akapata mahindi yake, maharage yake na mafuta yake. Maharage alikula Narcisse. Mafuta yote, hadi tone la mwisho, yaliingia kwenye viti kwa kitambaa cha shati kuukuu. Vyuma vilisuguliwa kwa jivu na limau. Mwili uliinuliwa juu ya matofali ili mipira isibonyee, na kila Jumamosi injini ilizungushwa kwa mkono ili isisahau kazi.

Dhambi ya pili: mkimbizi hatoki kambini bila karatasi ya ruhusa, na sababu inayotiwa saini upesi ni ugonjwa. Vipuri vilikuwa Kauma, kule Lilongwe, kwa muuza vyuma chakavu. Basi Narcisse akawa anaandika. Olga hapumui vizuri, naomba kwenda Lilongwe kumtafutia dawa. Olga anatetemeka asubuhi. Olga tangu Mei hainuki. Ruhusa kumi na nne katika miaka miwili na nusu, zote kwa mwandiko mzuri wa ualimu, zote zimejaa mapenzi. Mtu mmoja mwenye moyo laini pale ofisini alizisoma zote kwa mpigo, akalia, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba mama huyu apelekwe nje ya nchi kwa matibabu.

Ndivyo gari lilivyokaribia kupanda ndege kwenda Kanada, na kabla ya tiketi mume akaitwa alete mkewe wahojiwe.

Sasa turudi chumbani.

Bi. Tamanda alieleza utaratibu. Mume atahojiwa peke yake, mke peke yake, maswali yale yale, kisha majibu yatalinganishwa. Yakitofautiana, kadi itafutwa na wote wawili hawataandikishwa tena maishani. Kabla ya kuanza aliwaruhusu wakanywe maji kwenye bomba la uani, na akawaangalia kupitia dirishani.

Pale bombani Narcisse alimuuliza Annonciata, kwa sauti ya chini, kama amerukwa na akili.

Annonciata alikinga maji kwa viganja, akanywa, kisha akamjibu bila kumtazama. "Papa Narcisse, gari yako iko na karte, na mi niko na mwili. Bamefunga liste wiki ile ile mi nilifika. Miaka mbili na nusu ninakula kwa karte ya bengine, leo kwa huyu, kesho kwa ule, na bananihesabia kijiko. Jina ya Olga iko bule. Hakuna mutu ndani. Wacha niingie."

Narcisse aliona aibu. Si ile aibu ya kukamatwa, hiyo alikuwa nayo tangu asubuhi. Hii ilikuwa nyingine. Annonciata alikuwa ameshona paa la Olga, ameshona viti vya Olga, na mara zote alizokuja chini ya turubai alikuta chupa ya mafuta ya mgao wazi na kitambaa kimelowa. Hakuwahi kusema neno. Na yeye Narcisse hakuwahi kumuuliza amekula nini.

"Batatuuliza mambo ya ndoa," alisema hatimaye. "Tutasema nini?"

"Mambo ya Olga unanielezaka kila siku ya Mungu. Nimechoka nayo, lakini ninaijua yote."

Wakarudi ndani.

Kilichofuata kimekuwa gumzo katika ofisi ile hadi leo. Narcisse alihojiwa kwanza. Aliulizwa walikutana wapi, akasema uani kwa baba yake, Bukavu, yeye akiwa mvulana. Nani alimleta? Mbelgiji. Annonciata alipoulizwa alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba Mbelgiji aliondoka akamwacha, hata barua hakuandika. Bi. Tamanda aliandika hilo polepole, kwa huruma.

Hupenda nini? Wote wawili walisema: barabara ya kando ya ziwa siku ya Jumapili. Huchukia nini? Matope. Tabia yake asubuhi? Narcisse alieleza kwa kirefu kwamba asubuhi ya baridi hataki kuharakishwa, anahitaji mtu mvumilivu, ukimlazimisha anasusa hadi mchana. Annonciata alisema maneno mafupi zaidi, lakini yale yale.

Ndipo Bi. Tamanda akauliza swali lililokuwa la mwisho kwenye orodha yake, kama mume humsaidia mgonjwa kazi za nyumbani.

"Ananiosha kila Jumamosi, Madame," alisema Annonciata. "Ananipakala mafuta yeye mwenyewe. Na hakubali mutu mwengine anigusie."

Bi. Tamanda, mwenye ndoa ya miaka kumi na mmoja, aliweka kalamu chini akaangalia nje ya dirisha kwa muda.

Maswali ishirini na moja, majibu ishirini na moja yakalingana. Katika kazi yake yote Bi. Tamanda hakuwahi kuona hivyo. Wanandoa wa kweli, alisema, hubishana hata tarehe ya harusi yao.

Narcisse alianza kutabasamu. Alifanya haraka.

Bi. Tamanda alifungua droo akatoa barua. Jina la mwandishi alilifunika kwa kiganja, kama kanuni inavyotaka, lakini maneno aliyasoma. Mwandishi alisema kwamba Dzaleka kuna mtu ana gari la kifahari, jekundu, amelificha kwa turubai nyuma ya nyumba yake, na bado anapokea mgao, wakati kuna watu wanalala njaa. Mtu huyo anaitwa Narcisse.

Mwenye gari si mhitaji, alieleza Bi. Tamanda. Kama gari ni lake, kadi inachanwa, na jina la mkewe linakwenda na kadi. Kesho saa nne asubuhi atakuja Dzaleka kuona kwa macho yake. Lakini leo anataka kusikia kutoka kinywani mwa Narcisse mwenyewe: gari ni la nani?

Annonciata, ambaye asubuhi yote hakukosa neno, safari hii aliinamisha uso akakaza macho sakafuni. Ungekuwa karibu ungeona shingo yake imelowa jasho, na Juni ya mwaka ule ilikuwa ya baridi kweli kweli.

Narcisse alimtazama. Angeweza kusema, "Ni langu." Angerudi Dzaleka bila maharage, lakini angerudi kwa Olga. Na Annonciata angerudi kwenye kijiko cha watu.

"Ni ya kanisa, Madame," alisema. "Mi ninaichunga tu."

Ndiyo hivyo, wasomaji. Alimkana mkewe mbele ya mkewe.

Walipata lifti ya lori la tumbaku lililokuwa likirudi tupu Mponela. Wakakaa kwenye bodi, migongo kwenye kichwa cha lori, upepo unawachapa. Mara mbili Annonciata alianza kusema kwamba kuna kitu lazima amwambie. Mara mbili Narcisse alimkatisha, akidhani anataka kumshukuru, na yeye shukrani hangeweza kuzibeba siku ile. Wakashuka njia panda ya Dowa, wakachukua kabaza mbili, na kila mmoja akafika kambini kwa baiskeli yake.

Kabla jua halijatua Narcisse alikuwa kwa Pasta Melchior.

Pasta Melchior alikuwa akiomba gari kwa miaka miwili. Aliomba kila Jumapili, kwa sauti, akimtazama Narcisse. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba Olga sasa ni mali ya kanisa, hakushangaa hata kidogo. Alisema mbinguni hawachelewi. Akauliza kama kuna mahali pa kufungia spika mbili za mahubiri. Narcisse alishika ukingo wa benchi, akasema hakuna.

Papa Wilondja, mkuu wa bloku, yaani mtaa wao wa kambi, yeye alizunguka nyumba kwa nyumba na tangazo la maneno machache: kuanzia kesho asubuhi hadi wageni waondoke, Mama Annonciata ni Olga, bibi ya Narcisse. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Dzaleka ni nadra kukuta kadi isiyo na mjomba aliyekufa Fizi na bado anakula maharage. Bloku nzima ilikubali kabla nsima, ugali wa huku, haijaiva, na wengine walianza kumwita Olga jioni ile ile, ili kuzoea.

Asubuhi Narcisse alimwosha Olga wa magurudumu mara ya mwisho. Alimpaka mafuta kwenye viti, akasugua vyuma, akamshusha kutoka kwenye matofali na kumwekea petroli ya akiba. Kisha akamweleza Pasta Melchior namna ya kumwendesha, na alichukua dakika arobaini. Vuta choki kidogo tu. Washa, subiri, hesabu hadi ishirini. Gia ya pili usiilazimishe, kanyaga klachi mara mbili. Usiegemeze mkono kwenye gia ukiongea. Usiongee. Pasta alitikisa kichwa kukubali kila neno, na hakusikia hata moja, kwa kuwa alikuwa akijitazama kwenye kioo cha pembeni.

Saa nne kamili Bi. Tamanda alifika. Bloku yote ilikuwa nje, watu wapatao arobaini, na kwaya ya Pasta juu yake, wamevaa kama wanaokwenda ibadani.

Alianza na nyumba. Aliona kitanda kimoja, sahani mbili na cherehani ya Annonciata iliyohamishiwa kona ya dirishani alfajiri ile. Alimuuliza Papa Wilondja kama hawa ni mume na mke, na Wilondja akasema katika bloku yake hajaona mume anayempenda Olga kama Narcisse anavyompenda. Kwa hesabu zangu, hilo ndilo jibu pekee la kweli lililotolewa siku ile.

Wakaenda nyuma ya nyumba. Turubai likavutwa.

Watu wakasogea mbele. Wengi walikuwa wameishi hatua kumi kutoka kwa Olga bila kumwona uchi. Alikuwa mwekundu wa kuumiza macho, safi, mzima, hana hata mkwaruzo, katikati ya vibanda vya matope. Bi. Tamanda alinyoosha kidole akagusa ubavu wake, taratibu, na kwa kitambo kidogo hakuwa ofisa wa mtu yeyote.

Kisha akarudi kazini. "Gari la kanisa," alisema. "Basi kanisa liliendeshe nione."

Pasta Melchior akapanda. Aliwahi kuendesha trekta la misheni huko Fizi, siku mbili, na alikaa kwenye kile kiti kama mtu anayekwenda kulima. Alivuta choki yote. Akawasha. Hakuhesabu hata moja. Olga akakohoa, akazima. Akawasha tena, akakanyaga mafuta hadi sakafuni, moshi mweusi ukafunika kwaya, na kabla moshi haujatawanyika akasukuma gia bila klachi.

Mlio ule sitaueleza. Mwenye gari anaujua, na asiye na gari nisimharibie siku.

Sasa sikilizeni. Bi. Tamanda hakuwa akimtazama Pasta. Alikuwa akimtazama Narcisse. Miaka ya kuhoji watu ilimfundisha kwamba mwenye mali hawezi kunyamaza mali yake ikiumizwa. Alikuwa akimsubiri tu.

Narcisse hakusema kitu. Annonciata alikuja akasimama kando yake, akamshika mkono kama mke anavyomshika mume. Gia ikalia mara ya pili. Akamkaza vidole. Gia ikalia mara ya tatu, ndefu, na Narcisse akahisi meno yake mwenyewe yanasagika. Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kelele, kutaja klachi, kumtoa Pasta kwa kola ya shati. Alitazama mbele, macho makavu, akatabasamu tabasamu la muumini.

Olga akanguruma, akakubali. Ndipo wanakwaya wakapanda. Wawili walibanana kwenye kiti cha abiria, wanne wakakaa juu ya paa lililokunjwa nyuma, na mshono mmoja ukapasuka kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Safari hii Annonciata ndiye aliyesaga meno, kwani mshono ule ulikuwa kazi ya wiki tatu za mkono wake.

Wakaondoka hivyo, wakiimba, kuelekea mkutano wa injili Mponela. Gia ya kwanza ilisikika hadi njia ya Dowa. Pasta hakuitafuta ya pili.

Narcisse alibaki akitazama matofali manne na doa la mafuta ardhini. Kifua chake kilikuwa kitupu, kama siku ile alipomzika baba yake. Angelia, lakini anayelia ndiye mwenye mali, kwa hiyo hakulia.

Bi. Tamanda alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu aliyeandika ile barua alikosea kuhusu gari, alisema, na yeye kama ofisa anaomba radhi kwa usumbufu. Akatandaza fomu juu ya pipa, akafungua kidau cha wino, akamwita mama asogee. Annonciata akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, chini ya jina Olga. Muhuri ukagongwa.

"Imekwisha," alisema Bi. Tamanda. "Kidole kimoja, kadi moja. Kuanzia leo hakuna anayeweza kukutoa, wala kukuhamisha. Na kwa kuwa ninaona umepona vizuri, safari ya nje nimeifuta."

Watu walidhani mama atasikitika. Badala yake alishusha pumzi ndefu iliyokaa kifuani miaka miwili na nusu. Hakuwahi kuitaka Kanada. Alitaka maharage yake mwenyewe, yaliyopimwa kwa jina lililo juu ya karatasi, asimshukuru mtu. Machozi yalimtoka waziwazi, na Narcisse alipoyaona alifikiri, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwamba huenda amefanya jambo zuri kuliko yote maishani mwake. Na hilo lilikuwa kweli. Laiti sura hii ingeishia hapo.

Bi. Tamanda alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye gari lake. Akasita, akarudi, akachimba mkobani.

"Nilitaka kusahau jambo la pili," alisema. "Yule mwandishi wa barua, ambaye sasa naweza kumtaja kwa kuwa la gari limefungwa, hakujificha. Aliandika jina lake kamili, tena na kazi yake. Alilalamika mambo mawili. La gari tumelimaliza. La pili ni kwamba yeye mwenyewe hana kadi, kwa sababu alifika wiki orodha ilipofungwa. Tumelichunguza mwezi mzima, na amesema kweli. Alirukwa."

Alitoa kadi mpya kabisa, haijakunjwa, akaiinua juu ili kila mtu aione.

"Nimemletea hii. Ni yake peke yake, imeshagongwa muhuri, jina limeshaandikwa. Kinabaki kidole chake tu." Akasoma taratibu asije akakosea. "Annonciata, wa Uvira. Fundi cherehani. Nani kati yenu anamfahamu?"

Watu arobaini waligeuka kwa pamoja wakamtazama mke wa Narcisse.